Waya Mweusi Hauumi

Kila asubuhi, kabla ya somo la umeme kuanza, mwalimu alisimama mlangoni mwa karakana akatazama miguu. Nyuso hakuzijali. Aliyevaa kandambili alirudishwa nyumbani. Aliyevaa viatu vya soli ya mpira alipita. Mwenye pete, bangili au saa ya chuma aliivua akaitia mfukoni, hata kama alipewa juzi na bibi yake kwa kufaulu mtihani.

"Umeme haumjui bibi yako," alisema mwalimu. "Vua."

Wanafunzi wa chuo kile cha ufundi walimwita Mwalimu Breka. Breka ni kile kidude cha ukutani kinachokata umeme mara mambo yanapoharibika, na mwalimu huyu alikata maneno ya watu vivyo hivyo. Ukianza kumwambia, "Mwalimu, mimi nilidhani..." ameshakukata: "Sijakuuliza ulichodhani. Umepima?"

Ndani ya karakana kulikuwa na mabenchi marefu ya chuma, na juu yake mbao zimesimamishwa, kila mwanafunzi na ubao wake. Kwenye ubao huo ulifunga breka, swichi na holda ya taa, kishikio kinachoshika balbu, kama vile ungefunga katika nyumba ya mtu. Sheria zilikuwa chache. Usichomeke plagi ya ubao wako ukutani bila ruhusa ya mwalimu. Usiguse ubao wa mwenzako. Pima kabla ya kushika.

Benchi la dirishani lilikuwa la msichana wa miaka kumi na minne. Tutamwita Baruti, ingawa wakati huo jina hilo alikuwa hajalipata bado, na alipolipata alilichukia. Baruti alikuwa hodari, na alijua kuwa yeye ni hodari, na hapo ndipo shida yake ilipoanzia. Baba yake mdogo alikuwa fundi umeme wa mtaani, na tangu Baruti akiwa mdogo alimshikia ngazi na kumpokeza bisibisi. Nyumba za mtaa wao zilikuwa za zamani, zenye nyaya nyekundu na nyeusi. Baba mdogo alimfundisha kwa kifupi: mwekundu unauma, mweusi hauumi. Yaani waya mwekundu unabeba moto, ule umeme unaompiga mtu, na waya mweusi ni nyutro, njia ya umeme kurudia. Kwa nyumba zile, maneno hayo yalikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo siku Mwalimu Breka alipofundisha rangi za nyaya mpya, Baruti alikuwa akichonga penseli. Kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mistari ya njano ni waya unaokwenda ardhini. Hayo aliyasikia kwa sikio moja. Mwalimu alipoinua kebo nyingine, yenye nyaya za kahawia, nyeusi na kijivu, akaanza kuieleza, Baruti alimnong'oneza jirani yake wa benchi, "Haya mimi nimeyajua tangu sijaota meno."

Jirani huyo, msichana mpole aliyeitwa Miwani, alijibu bila kugeuka, "Nyamaza basi, wenzako tuna meno na bado tunasikiliza."

Wiki iliyofuata walifika kwenye taa ya ngazi. Hiyo ni taa moja yenye swichi mbili: unaiwasha ukiwa chini, unaizima ukifika juu. Mwalimu alitangaza kwamba zahanati mpya inajengwa karibu na chuo, na mafundi wake wamekubali kupokea wanafunzi wachache wawasaidie kufunga umeme. Watakaofaulu ukaguzi wa Ijumaa ndio watakaokwenda.

Baruti hakutaka kitu kingine chochote duniani. Ukuta wa kweli! Taa za kweli! Jioni hiyo alimwambia mama yake, akamwambia baba mdogo, akamwambia na muuza duka ambaye hakuuliza. Alizungumza kana kwamba ameshakwenda na kurudi.

Asubuhi ya kujaribu mbao, Baruti alimaliza wa kwanza. Akatoka kunywa maji bombani. Aliporudi, alimkuta Kasuku ameinama kwenye benchi lake.

Kasuku alikuwa mvulana mrefu mwenye maneno mengi. Aliweza kuiga sauti ya kila mtu, kuanzia mkuu wa chuo hadi mbuzi wa mlinzi wa getini.

"Unatafuta nini hapo?" Baruti aliuliza.

"Plaizi. Yangu siioni."

"Kwangu ndiko ilikohamia?"

"Nimekwambia plaizi, dada yangu. Sijaja kupanga chumba."

Darasa likacheka. Kasuku akachukua plaizi ya kukatia nyaya iliyokuwa pale, akaenda zake. Muda si muda Mwalimu Breka akafika, akachomeka plagi ya ubao wa Baruti ukutani, akarudi nyuma hatua chache.

"Haya, fundi. Washa."

Baruti akabonyeza swichi ya juu. Taa ikawaka. Akawageukia wenzake, akatabasamu, akabonyeza swichi ya chini.

Puu!

Cheche ziliruka, moshi ukatoka kwenye swichi, na taa za karakana nzima zikazimika. Baruti alijikuta amekaa sakafuni, masizi yamempaka kidevu.  Kisha sauti ya Kasuku ikasikika kutoka upande wa pili wa karakana.

"Jamani, nani kaleta baruti chuoni?"

Watu walicheka mpaka wakashika mabenchi. Hata Miwani alificha mdomo kwa kiganja. Mwalimu aliwanyamazisha, akamwinua Baruti, akamgeuza mikono huku na huku.

"Umeumia?"

"Hapana, mwalimu. Lakini kuna mtu..."

"Sijakuuliza mtu. Ubao wako una kosa. Sitaufungua mimi. Litafute mwenyewe, ulirekebishe, uniambie kabla ya ukaguzi."

"Lakini mwalimu, kuna mtu alikuwa..."

"Tafuta kosa," mwalimu alimkata, akaenda kurudisha umeme.

Baruti hakuona la kutafuta. Kwake yeye kosa lilishapatikana, tena lilikuwa na miguu mirefu na plaizi ya watu mkononi.

Kufikia mchana, jina lake la zamani lilikuwa limesahaulika. Alipopita, Kasuku alisema "Puu!" akaanguka sakafuni na kutikisa miguu hewani. Wanafunzi wa ushonaji na useremala walikuja kuomba waonyeshwe. Kesho yake mtu alichora ubaoni bomu lenye misuko miwili ya nywele. Baruti alilifuta kwa mkono wa shati, na kila alipofuta alisema moyoni: nitakulipa. Utaona. Nitakulipa mpaka usahau kucheka.

Nyumbani, jioni ya siku ile ubao ulipolipuka, mama yake, fundi cherehani, alikuwa akipinda suruali ya mteja, pini zimejaa mdomoni.

"Kuna mvulana kanichezea ubao wangu, mama. Umelipuka mbele ya watu wote."

Mama akatoa pini moja moja. "Ulimwona akiuchezea?"

"Nilimkuta pale pale."

"Sijauliza ulimkuta wapi. Ulimwona akigusa waya?"

"Mama na wewe! Sasa nani mwingine? Paka?"

"Labda wewe."

Neno hilo lilimchoma Baruti kuliko "Puu" zote za siku hiyo. "Mimi siwezi kukosea taa ya ngazi," alisema. "Nimeshika bisibisi kabla hajaiona yeye."

"Mwalimu kasemaje?"

"Kaniambia nifungue nitafute kosa."

"Basi fungua utafute. Nivutie huo upande wa kitambaa, usinikunjie uso, uso haupindi suruali."

Baruti alivuta kitambaa. Lakini hakuufungua ubao wake, si siku hiyo wala siku iliyofuata. Aliosha vyombo akipanga kisasi, akafagia uani akipanga kisasi. Alifikiria kutia chumvi kwenye chupa ya maji ya Kasuku. Alifikiria kuishona mikono ya ovaroli yake, maana cherehani ilikuwapo. Yote aliyaona madogo. Kasuku angecheka, angeigiza alivyotema maji, na watu wangempigia makofi. Baruti alitaka kitu ambacho Kasuku hangeweza kukiigiza. Alitaka amwone amesimama mbele ya darasa bila neno, kama yeye alivyokaa sakafuni.

Mwalimu Breka ndiye aliyempa njia, bila kujua.

"Nisikilizeni," mwalimu alisema Alhamisi, akigonga swichi kwa kidole. "Swichi lazima ikate waya wa moto. Ikikata nyutro, taa itazimika vizuri tu na mwenye nyumba atakushukuru. Lakini ndani ya holda bado kuna moto. Siku atakapobadilisha balbu ndipo atakapokukumbuka, kama atakuwa hai. Kesho nitapima kila holda kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa moto. Nikikuta moto wakati swichi imezimwa, huyo zahanati haendi. Hata alete mzazi alie hapa."

Wanafunzi wote walikuwa wakiandika. Baruti hakuandika. Alikuwa akitazama mgongo wa Kasuku.

Ijumaa, kengele ya chakula ilipolia, alijifanya anafunga kamba za viatu. Miwani akamwita mara moja, akamjibu, "Tangulia, naja." Karakana ikabaki tupu. Plagi zote zilikuwa zimechomolewa, kwa hiyo hapakuwa na hatari kwake. Akaenda moja kwa moja kwenye ubao wa Kasuku.

Ilimbidi akubali kwamba ni ubao safi. Nyaya zilikuwa zimenyooka, kona zimekunjwa vizuri, skrubu zote zimekaza. Hilo nalo lilimkasirisha. Akafungua kifuniko mahali kebo ya plagi inapoingia, akalegeza skrubu mbili, akatoa waya wa kahawia na wa bluu, akauweka kila mmoja katika nafasi ya mwenzake. Sasa moto ungepita kwenye bluu mpaka kwenye holda bila kukutana na breka wala swichi yoyote. Akakaza, akarudisha kifuniko, akafuta alama za vidole kwa pindo la shati.

Kazi ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiri. Alitoka nje, akakaa na Miwani, akala chakula chake chote.

"Leo una furaha," Miwani alisema.

"Leo ni ukaguzi."

"Na ubao wako? Umeshalipata kosa?"

Baruti akaacha kutafuna. Kwa kushughulikia ubao wa mtu, alikuwa ameusahau wa kwake.

Waliporudi karakana, alikimbilia bisibisi. Mwalimu alikuwa hajaingia. Akafungua lile boksi dogo ambamo nyaya zinaunganishwa, akitegemea kukuta fujo ya Kasuku: waya umechomolewa, au umefungwa ovyo. Hakukuta fujo. Alikuta nyaya za bluu zimesokotwa pamoja na waya mweusi na kuzungushiwa utepe, na ncha ya utepe imekunjwa kidogo ili iwe rahisi kuifungua. Karakana nzima ni mtu mmoja tu aliyekunja ncha ya utepe namna ile. Miwani alikuwa akimtania kwamba anafunga nyaya kama mtu anayefunga zawadi.

Hakuna aliyegusa boksi lile. Ile ilikuwa kazi ya mikono yake.

"Miwani," alisema polepole. "Waya mweusi si ndio nyutro?"

"Kwenye hii kebo ya taa ya ngazi? Hapana. Humo mweusi na kijivu zote zinabeba moto. Ndiyo maana ulilipuka, uliupeleka moto moja kwa moja kwenye nyutro." Miwani akasukuma miwani yake juu ya pua. "Alifundisha siku ile ulipoota meno."

 Baruti aligeuka kutazama ubao wa Kasuku, lakini mwalimu alikuwa ameshaingia.

"Tunaanza. Kasuku, ubao wako."

Angeweza kusema wakati ule. Alijiambia hapana sababu: mwalimu atapima, ataona kosa, hakuna atakayeumia. Na tuseme ukweli, kipande kimoja cha moyo wake bado kilitaka kuona. Wazo kwamba Kasuku hakugusa ubao lilikuwa jipya, lakini "Puu" zilikuwa za siku nyingi. Alikaa kimya.

Mwalimu akachomeka plagi. Kasuku akabonyeza swichi ya chini, taa ikawaka. Akabonyeza ya juu, ikazimika. Akainama mbele ya darasa kama mtu aliyemaliza kuimba jukwaani. Mwalimu akatoa testa mfukoni, na hapo hapo mlinzi wa getini akachungulia mlangoni.

"Mwalimu, gari la vifaa limefika. Wanakutaka uhakikishe kabla hawajashusha."

"Kasuku, zima breka ya ubao wako. Nakuja sasa hivi. Mtu asiguse kitu." Akatoka.

Kasuku akazima breka. Miwani, aliyekuwa wa pili kukaguliwa, alikuwa akitikisa balbu yake sikioni. Ililia kwa ndani.

"Imekufa," alisema kwa sauti ya kutaka kulia. "Nitafanyaje?"

"Chukua yangu," alisema Kasuku. "Mimi nimemaliza kung'ara."

Akaizungusha balbu kwenye holda. Ilikuwa imekaza. Akaongeza nguvu, na kioo kikang'oka, kikamjia mkononi kikiwa kizima, kile kichwa cha chuma kikabaki kimekwama ndani.

"Lo! Imeacha kofia. Ngoja niitoe kwa vidole."

"Acha!" Baruti alipiga kelele. "Usiguse! Ina moto!"

Kasuku aligeuka, akatazama swichi, akatazama breka. Zote zilikuwa zimezimwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika benchi la chuma, njia tayari ya umeme kupita mwilini. Akacheka.

"Baruti anaogopa taa iliyozimwa! Jamani, Puu!"

Akainua kidole cha mkono wa kulia kuelekea kwenye holda.

Baruti hakupita kati ya mabenchi. Alipanda juu ya benchi, akaangusha makebo na bisibisi za watu, akarukia ukutani na kuichomoa plagi kwa mikono miwili. Kidole cha Kasuku kilikuwa kimefika kwenye chuma cha balbu, lakini moto ulikuwa umeshakatika.

"Una wazimu?" alimfokea. "Unaniharibia ubao!"

 Baruti alibaki amekumbatia kebo.

"Kuna nini?" Mwalimu Breka alikuwa amesimama mlangoni.

Miwani alieleza. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akawarudisha wote nyuma, akachomeka plagi tena. Hakuwasha kitu. Aliingiza ncha ya testa kwenye holda ya ubao uliozimwa swichi na breka. Kile kitaa kidogo kwenye mpini wa testa kikawaka.

 Mwalimu akachomoa plagi, akamgeukia Kasuku.

"Nilisema nini jana?"

"Mwalimu, nilipima mwenyewe asubuhi. Ilikuwa sawa. Kweli kabisa, mwalimu."

"Testa haisemi hivyo."

"Mwalimu, nakuomba..."

"Zahanati huendi. Rudi mahali pako."

Kasuku alifungua mdomo, na hakukutoka sauti yoyote, si yake wala ya mtu mwingine.  Alisimama mbele ya darasa zima, mikono inaning'inia, macho yamejaa machozi.

Hicho ndicho Baruti alichokuwa amekitaka. Kilikuwa kimekuja vile vile alivyokichora kichwani wakati akiosha vyombo. Na hakuna aliyejua. Akinyamaza tu, Kasuku atabaki na aibu yake, na yeye ataitwa shujaa aliyemwokoa. Huenda hata "Baruti" wangeacha kumwita.

"Ni mimi, mwalimu," alisema.

"Wewe nini?"

"Niligeuza nyaya zake. Wakati wa chakula. Nilitaka afeli."

Watu wote wakamtazama. Aliendelea kwa sababu kunyamaza kulikuwa kugumu zaidi. "Nilidhani ndiye aliyeharibu ubao wangu. Nimefungua leo. Kosa lilikuwa langu, la waya mweusi. Yeye alikuja kutafuta plaizi tu."

Safari hii Mwalimu Breka hakumkata. Alimwacha amalize kila neno, na hilo lilikuwa baya kuliko kukatwa.

Kasuku ndiye aliyelipuka. "Ungeniua! Kwa sababu ya mzaha ungeniua! Ngoja na wewe, nitakulipa, wallahi utaona..."

"Hutalipa chochote," mwalimu alisema, akasimama katikati yao. "Tukianza kulipana humu ndani, wiki ijayo nitafundisha mbao tupu." Akamgeukia Baruti. "Nilikutuma utafute kosa kwenye ubao. Ukaenda kulitafuta kwa mtu. Umelikuta?"

"Hapana, mwalimu."

"Weka bisibisi yako mezani. Zahanati huendi. Utakata nyaya na kuzimenya kwa ajili ya wenzako mpaka nikuambie basi. Na sasa hivi nampigia mama yako simu."

Kisha akamwambia Kasuku, "Na wewe usitabasamu. Utakwenda zahanati, kwa sababu ubao wako ulikuwa sawa. Lakini uliambiwa usiguse, ukagusa. Na hukupima. Ungekufa huku haki yote iko upande wako. Ingekusaidia nini?"

Mama alifika na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Hakupiga kelele. Aliomba aonyeshwe ile holda. Aliomba aelezwe mara mbili, kwa sababu mambo ya umeme hakuyajua. Kisha akamwendea Kasuku.

"Ni kidole kipi, mwanangu?"

Kasuku akainua kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mama akakishika kwenye kiganja chake, akakaa nacho kwa muda, kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Pole," alisema. Akamgeukia binti yake. "Chukua mkoba. Tunakwenda kwao."

"Kwao? Mama, mwalimu ameshaniadhibu!"

"Mwalimu ana adhabu yake. Mwenye huyu mtoto hajui kwamba leo nusura azike. Utamwambia wewe. Mimi nitasimama tu."

Walitembea watatu, Kasuku mbele. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga nafaka. Mama yake Kasuku alikuwa akianua nguo kwenye kamba. Alipowaona alifuta mikono na kutabasamu.

"Karibuni, karibuni! Huyu ndiye mwenzake chuoni? Mwanangu hasemi ana rafiki fundi."

Baruti alimtazama mama yake. Mama alikuwa akitazama kamba ya nguo. Hapakuwa na msaada upande huo.

"Shikamoo, mama," Baruti alisema. "Mimi si rafiki yake. Leo mchana niligeuza nyaya za ubao wa mwanao ili aaibike. Akatia kidole mahali penye moto. Niliwahi kuchomoa, lakini... lakini nilikuwa nimechelewa kusema. Nilikuwa na nafasi ya kusema, sikusema."

Yule mama alibaki na ovaroli mkononi, ya mwanawe. Hakuikunja wala hakuiweka chini.

"Huyu ndiye anayetuchekesha jioni," alisema hatimaye. "Akirudi anatuigizia chuo kizima, hata huyo mwalimu wenu nimeshamjua bila kumwona. Humu ndani hatuna redio nyingine."

Baruti alianza kulia. Alijaribu kusema samahani, ikatoka vipande vipande.

"Nimekusikia," alisema yule mama. "Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nimeogopa. Njoo kesho asubuhi, muondoke pamoja, niwaone kwa macho yangu mnatembea barabara moja." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe ulimfanyia nini mpaka akafika huko?"

Kasuku alitazama vidole vya miguu. "Nilimpa jina. Nikamcheka kila siku."

"Alikuwa anacheka na yeye?"

"Hapana."

"Basi haukuwa mzaha. Jina hilo kesho utalirudisha ulikolitoa, mbele ya hao hao uliolisema mbele yao. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama." Akamtazama Baruti kwa pembe ya jicho. "Ila bado nimekukasirikia."

"Najua," alisema Baruti.

Jua lilikuwa linazama walipoondoka. Mama alitembea haraka kama kawaida yake, na binti alilazimika kukimbiakimbia ili asiachwe nyuma.

"Mama," alisema baadaye, "hata mimi bado nina hasira kidogo. Nikikumbuka walivyonicheka."

"Kuwa nayo. Hasira si kosa. Mimi ninayo sasa hivi, tena nyingi, na bado nitakupikia." Mama akapunguza mwendo. "Mtu akikukosea, hakikisha kwanza kuwa ni yeye. Kisha mwambie usoni. Akikataa kusikia, mwambie mwalimu, au niambie mimi. Lakini hasira usiipe kazi ya mikono. Wewe unataka kuwa fundi umeme. Utaingia katika nyumba za watu, ufunge, ukaze, ufunike, uondoke. Wao watalala humo na watoto wao. Hawatafungua ukuta waone ulichofanya. Watakuamini tu. Siku ukiona huwezi kuaminiwa hivyo kwa sababu kuna mtu umemwekea kinyongo, siku hiyo usishike kazi. Kaa nyumbani."

Walipofika, chumba kilikuwa na giza. Mama aliingia kwanza, akapapasa ukutani bila kutazama, kama alivyofanya kila jioni, akabonyeza swichi. Taa ikawaka. Akavua viatu, akaenda zake jikoni.

Binti alibaki mlangoni akiitazama ile taa. Waliishi chini yake miaka yote hiyo, na hakuwahi kujiuliza ni nani aliyeifunga.